Mizani ya Haki

Neno mizani lina maana mbili kwa watu wa mwambao. Ipo mizani ya sokoni, ipimayo mchele na karafuu, na ipo mizani ya utungo, ihesabuyo silabi za kila mshororo. Mtunzi ajua kwamba shairi laweza kutimiza vina na mizani lakini likawa halina neno la maana. Hata hivyo hathubutu kuitupa mizani, kwani bila ya kipimo kila mtu angejiita malenga.

Suali hilo la watunzi ndilo linalomkabili mtathmini wa miradi ya haki za wanawake. Mama Cash iliasisiwa Amsterdam mwaka 1983, Global Fund for Women huko California mwaka 1987, na Mfuko wa Maendeleo ya Wanawake wa Afrika mjini Accra mwaka 2000. Mifuko hii na mingineyo hukusanya fedha za wahisani na kuzipeleka kwa vikundi vya wanawake. Mwenye kutoa ana haki ya kuuliza alichotoa kimezaa nini. Mtathmini hutumwa kutafuta jawabu, na ujira wake hutoka kwa aliyemtuma. Je, amana aliyoibeba ni ya nani: ya anayemlipa, au ya mwanamke anayekwenda kupimwa?

Bangladesh yatoa funzo. Mikopo midogo waliyopewa wanawake wa vijijini ilisifiwa kwa kuwa wakopaji walikuwa wengi na marejesho yalikuwa mazuri. Mwaka 1996 Anne Marie Goetz na Rina Sen Gupta walichapisha utafiti uliouliza jambo jengine: nani hasa aliyezishika fedha hizo? Wakaona kuwa mara nyingi jina la daftarini lilikuwa la mwanamke, ilhali mwenye kuamua matumizi alikuwa mume au mwanamume mwengine wa nyumba ile. Mwaka 2001 Naila Kabeer naye akachapisha utafiti uliowasikiliza wakopaji wenyewe. Wapo waliosema kwamba mkopo umewaongezea heshima nyumbani, hata pale ambapo mume alishiriki katika kuutumia.

Hapa hapana aliyesema uongo. Daftari lilihesabu mikopo, watafiti wa kwanza wakapima mamlaka, na aliyewafuata akatafuta thamani ya mkopo machoni pa mkopaji. Mwenye kuchagua suali huwa ameshachagua nusu ya jawabu.

Yamkini msomaji atasema: basi na aulizwe mwanamke mwenyewe, na neno lake liwe la mwisho. Lakini aliyezoea kupewa kidogo huenda akashukuru kwa kidogo, na shukrani yake si ushahidi kwamba haki imetendeka. Wala si halali kwa mtathmini kuuficha upungufu kwa kuchelea kuwa fedha zitakatwa. Huruma ya namna hiyo humgeuza mwenye haki kuwa mtoto wa kufichiwa mambo.

Linalobaki ni wajibu wa kurudi. Mtathmini akishapima, na arejee kwa wanawake aliowauliza, awasomee alichokiandika, awape nafasi ya kumpinga, na pingamizi zao ziingie katika taarifa sambamba na hukumu yake. Hapo mwanamke huacha kuwa kitu cha kupimwa, akawa mmoja wa wapimaji.

Mfadhili naye ana wajibu wake. Mwaka 2010 Srilatha Batliwala na Alexandra Pittman, katika kazi waliyoiandikia jumuiya ya AWID, walikumbusha kwamba wanawake wanaodai haki hukabiliwa na upinzani, na mara nyengine ushindi wao ni kutorudishwa nyuma. Sheria iliyonusurika kufutwa haionekani katika jedwali la mafanikio, kwani mwaka umekwisha na hali ni ile ile. Mfadhili aisomaye sufuri hiyo kuwa ni kushindwa, kisha akaufunga mkoba wake, huwaacha peke yao wale waliokuwa wamelishikilia lango lisivunjwe.