Kirushwacho Juu na Dhamana ya Mrushaji

Baadhi ya ndugu zetu wametuuliza khabari ya maroketi: jee, yafaa katika sharia binadamu kuzipanda anga na kuweka vyombo vyake huko juu? Swali hili si jipya. Warusi waliporusha Sputnik mwaka 1957, na Wamarekani wawili walipotembea juu ya mwezi mwaka 1969, wako Waislamu walioona kuwa kuzisadiki khabari hizo ni upungufu wa imani. Sisi twaona kuwa swali hili limekwisha. Mwezi ni kiumbe kama viumbe vingine, na Qur'ani yatufundisha kuwa Mwenyezi Mungu ametutiishia vilivyomo mbinguni na ardhini. Mwaka 1985 Sultan bin Salman wa Saudia alipanda katika chombo cha Wamarekani. Mwaka 2007 daktari Muislamu wa Malaysia alipanda mwezi wa Ramadhani ukiwa ukingoni, na wanavyuoni wa nchi yake wakamwekea muongozo wa namna ya kusali na kuelekea kibla akiwa huko.

Lakini liko swali jingine, nalo ndilo lenye uzito, ila watu hawaliulizi. Kinachopandishwa juu hushuka. Jee, kikimwangukia asiyehusika nacho, ni nani atakayejibu?

Tarehe 30 Disemba 2024, katika kijiji cha Mukuku, jimbo la Makueni, lilianguka duara la chuma lenye upana wa kiasi cha mita 2.5 na uzito wa kiasi cha kilo 500. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kuwa ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Kwa rehema ya Mwenyezi Mungu hakuumia mtu. Lau lingeangukia juu ya chuo cha watoto, maneno yangekuwa mengine.

Yatupasa tufahamu namna mambo haya yanavyotokea. Roketi haipandi nzima mpaka mwisho. Imefanywa kwa vipande, na kila kipande kikimaliza mafuta yake huachwa. Vingine huanguka mara moja baharini, na vingine husalia vikiizunguka dunia kwa mwendo wa kiasi cha kilomita 28,000 kwa saa, mpaka hewa nyembamba ya huko juu ivipunguzie mwendo, navyo vishuke. Vikirejea, sehemu kubwa huungua kwa joto la hewa inayobanwa mbele yake, lakini chuma kigumu huweza kufika chini. Mrushaji akiacha akiba ya mafuta, aweza kukielekeza chombo chake kianguke katika bahari tupu, kama Warusi walivyokiangusha kituo chao cha Mir katika Pasifiki ya kusini mwezi wa Machi 2001. Asipoacha akiba hiyo, chombo huanguka popote. Hapa ndipo penye shina la jambo letu. Akiba ile ya mafuta ni gharama, na mwenye kuikwepa hakuiondoa khatari. Ameitoa katika mfuko wake akaiweka juu ya vichwa vya watu wengine, wala hakuwataka idhini.

Watasema watu: hii ni kadari ya Mungu. Twasema, kila jambo ni kwa kadari, lakini kadari si hoja ya kumpokonya mtu haki yake. Mtu aliyelala akigeuka usingizini akavunja chungu cha jirani yake, hana dhambi, kwani hakukusudia. Lakini chungu atakilipa. Dhambi ni baina ya mja na Mola wake, na dhamana ni baina ya mja na mja mwenzake. Kuondoka kwa ile ya kwanza hakuiondoi hii ya pili.

Watasema wengine: vyombo hivi vina manufaa makubwa. Hili ni kweli, wala hatulikanushi. Kwavyo tunapata khabari za mvua na dhoruba, manahodha wanajua walipo baharini, na sauti za jamaa zetu walio mbali hutufikia. Wala sisi watu wa pwani si wageni katika jambo hili. Tangu mwaka 1967 hadi 1988 Waitaliani walirusha maroketi kutoka katika majukwaa yaliyosimamishwa baharini Ngomeni, karibu na Malindi. Tarehe 12 Disemba 1970 kilirushwa pale chombo cha Wamarekani cha kuchunguza miale ya eksirei itokayo katika nyota, nacho kikaitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Na mwezi wa Aprili 2023 Kenya yenyewe ilipeleka juu setilaiti yake, Taifa-1, kwa roketi ya kampuni ya SpaceX ya Marekani.

Lakini manufaa hayafuti dhamana, na wanavyuoni wetu walilimaliza jambo hili zamani. Tazameni milizamu ya nyumba zetu za mawe, ile inayotokeza juu ya njia ili kuyatoa maji ya mvua katika sakafu ya paa. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kisomwacho sana na watu wa madhehebu yetu ya Shafi, ametaja kuwa ni halali kuutokeza mlizamu juu ya njia ya watu, kwani mwenye nyumba hana budi nao. Na pamoja na uhalali huo, kitakachoharibika kwa kuanguka kwake kina dhamana. Zingatieni hukumu hii. Hakusema kuwa maadamu ni halali basi mwenyewe hana neno, wala hakusema kuwa maadamu waweza kudhuru basi ni haramu. Alisema: fanya, na ujibu. Njia ni ya watu wote, nawe umeruhusiwa kuitumia kwa sharti la kuwa salama kwa wapitao. Basi ikiwa hukumu ya mlizamu wa dhiraa mbili ni hiyo, jee, chuma cha kilo 500 kipitacho juu ya mabara?

Watasema wa tatu: ajali hizi ni chache mno. Ni chache, lakini uchache si bure. Mwezi wa Machi 2024 kipande cha chuma kilitoboa sakafu mbili na paa la nyumba moja katika mji wa Naples, Florida, kikitokana na mzigo wa mabetri makuukuu uliotupwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2021. Wenyewe walitaraji kuwa mzigo wote ungeungua. Mwenye paa lile hawezi kuambiwa kuwa hesabu ilikuwa upande wake. Na kadiri wanavyozidi warushaji, ndivyo uchache huo unavyopungua.

Nao wamezidi. Zamani kazi hii ilikuwa ya dola kubwa mbili. Leo makampuni ya watu binafsi yameingia kwa nguvu. SpaceX, iliyoanzishwa mwaka 2002, ilifika katika njia ya kuizunguka dunia mwaka 2008 baada ya kushindwa mara tatu. Mwaka 2015 ikaanza kuirejesha chini salama sehemu ya kwanza ya roketi yake ili itumike tena, na mwaka 2020 ikawapandisha watu. Hili la kurejesha ni jambo la kusifiwa, kwani kinachorejeshwa hakitupwi. Lakini mwezi wa Januari 2025 roketi yao kubwa ya majaribio ilipasuka angani, na vipande vyake vikaanguka hata katika visiwa vya Turks na Caicos, ambavyo watu wake hawakuwa na fungu katika faida yake.

Jee, kampuni ikidhuru, serikali yake itasema hayanihusu? Mataifa yamekwisha kukubaliana kuwa haiwezi. Mkataba wa mwaka 1967 umeifanya kila dola kuwa na jukumu la kazi za angani za watu wake, wawe wa serikali au wa binafsi. Na ule wa mwaka 1972 umemlazimisha mrushaji alipe madhara yaliyotokea juu ya ardhi, hata kama hapana uzembe uliothibitishwa. Msomaji wa fiqhi hatalishangaa hili. Mwenye kuua kwa makosa, diya yake hubebwa na akila, yaani jamaa zake wa upande wa baba, ili haki ya aliyeuliwa isipotee. Dola hapa imesimama mahali pa akila.

Lakini mkataba haudai wenyewe. Mwaka 1978 setilaiti ya Warusi iliyobeba tanuri la nguvu za atomiki iliangukia kaskazini ya Canada. Serikali ya Canada ilisafisha, ikahesabu, ikadai zaidi ya dola milioni sita za kwao, na mwaka 1981 ikalipwa milioni tatu. Ililipwa kwa kuwa ilikuwa na wataalamu wa kupima, na wanasheria wa kudai. Mnyonge asiyejua kilichomwangukia ni kitu gani, wala jina la mwenyewe, atadai nini, na kwa nani?

Kwa hivyo, ndugu zetu, ule mjadala wa kuwa yafaa au haifai kupanda tuuache. Watoto wetu na wasome hesabu, elimu ya nyota na sheria za mataifa pamoja na fiqhi yao, wala wasione kuwa kimoja ni adui wa kingine. Na tuwaulize wanaotuwakilisha: kikianguka kingine kesho, ni nani atakayekipima, na ni nani atakayeidai haki ya aliyedhurika? Kuuliza hivi si kuipinga elimu. Ni kumkumbusha aliye juu kuwa chini kuna watu, na kuwa haki ya mmoja wao, hata akiwa mkulima wa kijijini asiyejulikana, haipungui kwa umbali wa aliyemrushia.

Wabillahi taufiki.