Kabla ya kumwambia "subiri", muulize ana nini

Imekuwa kawaida yetu, tukimuona Muislamu mwenzetu amenuna na kujitenga, kumpa jibu kabla hatujamuuliza swali. Huyu atasema imani yake imeshuka, yule atasema ana jini, wa tatu atamwambia, "Subiri, dunia ni mapito." Je, hapo tunamsaidia, au tunajiondolea tu mzigo wa kumsikiliza?

Nauliza hivyo kwa sababu kosa hilo nimelifanya. Rafiki yangu tuliyesoma naye madrasa, mfanyabiashara wa Kariakoo, alibadilika. Akawa mkali kwa mkewe, usingizi haupati, na msikitini tukawa tunamuona Ijumaa tu. Mimi, kwa kuwa ni mwalimu wa dini, nikampa darsa zima la subira. Alinisikiliza kwa adabu, akashukuru, kisha akaanza kunikwepa. Nikajiona nimeshatimiza wajibu wangu.

Miezi ikapita. Siku moja baada ya sala ya Isha nilikwenda kukaa naye barazani, safari hii bila darsa. Nikamuuliza, "Ndugu yangu, hali hii ilianza lini?" Akasema ni biashara, kodi ya duka imepanda. Sikumbishia. Nikamuuliza tena, usingizi je, ulianza kukupotea lini? Akahesabu miezi, akanyamaza. Kumbe ulipotea kabla ya habari za kodi, tangu mama yake alipofariki naye yuko Dubai kufuata mzigo. Aliporudi alikuta wameshazika. Na alikuwa ameondoka wakiwa wamekwaruzana kwa jambo dogo tu. Matangani kila mtu alimwambia, "Wewe mwanaume, jikaze." Akajikaza. Usiku ule pale barazani ndipo alipolia.

Chanzo hicho sikukijua mimi pamoja na elimu yangu. Alikitaja mwenyewe, alipopata mtu wa kumuuliza na kunyamaza.

Na haya si mageni katika dini yetu. Imepokewa katika Sahih Bukhari kuwa Salman Al-Farisy (RA) alipomtembelea Abu Dardai (RA) alimkuta mkewe hakujipamba. Hakumkemea, alimuuliza ana nini. Jibu likamuonesha kuwa tatizo si nguo, bali mume amezama katika funga na sala za usiku hata akasahau haki ya mkewe. Salman akaanzia hapo kurekebisha, na Mtume (SAW) akamsadikisha.

Wapo watakaosema huzuni ni udhaifu wa imani. Nabii Yaakub (AS), kama tusomavyo katika Suratu Yusuf, alihuzunika hadi macho yake yakawa meupe, na shitaka lake akalipeleka kwa Allah (SW). Mtume (SAW) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Nani kati yetu ana imani kuliko wao?

Mwanachuoni Abu Zayd Al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934), aliandika kuwa huzuni ni za aina mbili: yenye sababu inayojulikana, na ile ambayo mwenyewe haijui sababu yake. Hii ya pili aliihusisha na mwili, akaitaka itibiwe kama maradhi mengine. Kwa hiyo ukimuuliza mwenzako kwa upole na chanzo kisionekane, mpeleke hospitali. Kutafuta tiba hakupingani na tawakkul.

Hata hivyo, kuuliza kuna mipaka. Qur'an imekataza kupelelezana, hivyo asiyetaka kusema asilazimishwe. Na akishasema, maneno yake ni amana. Tujiulize, ni siri ngapi za wenzetu zimeishia vijiweni kwa jina la "tumuombeeni dua"?

Rafiki yangu bado ana siku ngumu. Lakini sasa anajua anachokililia, na anajua la kufanya: anamuombea mama yake, anamtolea sadaka, na anawatembelea mashoga zake waliobaki hai, jambo ambalo Mtume (SAW) amelihesabu katika wema kwa wazazi waliokufa. Subira niliyomuhubiria siku ile ameipata sasa, baada ya kujua anasubiri juu ya nini.

Ndugu msomaji, yupo mwenzako katika safu ya sala ambaye siku hizi humuoni. Usimpelekee hukumu. Nenda ukamuulize ana nini, kisha ukae umsikilize.

Wallahu A'lam.