Wino Mwekundu

Nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka ishirini na minane, na kazi hiyo ilinifunza namna neno linavyobadilishwa baada ya kuwekwa mbele ya hakimu. Halifutwi. Kanuni zetu za kesi za madai nchini Kenya zinataka neno linaloondolewa likatwe kwa wino mwekundu lakini liendelee kusomeka, na lile linaloongezwa lipigiwe mstari kwa wino huohuo. Jaji akifungua jalada anaona ulichodai jana na unachodai leo, vyote kwenye ukurasa mmoja. Nimekata maneno ya watu wengi kwa kalamu hiyo, na sikumbuki hata mmoja aliyedharauliwa kwa sababu alirekebisha dai lake.

Nilibatizwa mwaka 1994 katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao wengi huwaita Wamormoni. Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa Kianglikana huko Wundanyi, na kuondoka kwangu kulimuumiza. Nilichomjibu wakati ule ningemjibu hata leo: nilifuata kanisa lisilowaacha wafu nyuma. Sisi Wataita tuliyahifadhi mafuvu ya wazee wetu kwenye mapango ya mawe, tukawaendea tulipokuwa na shida, hadi wamisionari walipotuambia tuache. Kisha nikakutana na watu waliokuwa wakitafuta majina ya mababu zao hadi kizazi cha saba ili wabatizwe kwa niaba yao. Nilihisi nimerudi nyumbani.

Mwaka 1999, kwa akiba ya miaka mitatu, mimi na mume wangu tulisafiri hadi Johannesburg. Hekalu la huko, lililowekwa wakfu mwaka 1985, ndilo lililokuwa la pekee barani Afrika. Siku ya kwanza nilipokea endaumenti yangu mwenyewe, ile ibada ya maagano: mavazi meupe, filamu ya Adamu na Hawa, maagano tuliyoyafanya tukiwa wima, shela iliyofunika nyuso zetu wanawake wakati wa sala. Siku ya pili niliingia tena, safari hii kwa jina la nyanya yangu mzaa baba.

Ishara na maneno niliyoahidi kutoyatoa sitayatoa hapa. Lakini watu wa nje wanadhani tuliahidi kunyamaza juu ya kila kitu, nasi wenyewe tumezoea kuamini hivyo. Sivyo. Tulichoahidi kukificha ni kidogo, na kina mipaka yake. Ahadi ya mke kwa mume wake haikuwa ndani ya mipaka hiyo. Miaka ile mwanamke aliahidi kufuata shauri la mumewe, maadamu mume naye anamfuata Mungu. Mwanamume aliahidi moja kwa moja kwa Mungu. Mwanamke alipitia kwa mume.

Kwa upande wangu niliitoa ahadi hiyo bila tabu. Mume wangu alikuwa mtu mpole, na mara nyingi ndiye aliyesikiliza shauri langu. Ila siku ya pili mdomo ulikuwa wangu na jina lilikuwa la nyanya. Nyanya alimwacha mumewe. Alitoka Wundanyi usiku, mtoto mmoja mgongoni na mwingine akimshika mkono, akashuka mlima kwa miguu hadi Mwatate. Akafanya kazi ya kukata mkonge, kisha akauza ndizi mbivu kwenye stesheni ya Voi mpaka wanawe wakasoma. Mkono wake wa kushoto haukunyooka tena hadi anazikwa, na kila mtu kwetu alijua ni nani aliyeuvunja. Ndiye ambaye kwa jina lake niliahidi kufuata shauri la mume wake, nikiwa nimesimama Johannesburg, mwenye furaha, machozi yakinitoka.

Kanisa linafundisha kwamba wafu wana hiari ya kupokea au kukataa tunachowafanyia. Nimelishika fundisho hilo kwa mikono miwili. Hata hivyo, mimi ndiye niliyesema.

Januari 2019 nilisoma gazetini kwamba maneno hayo yameondolewa. Wanawake waliotoka mahekaluni Marekani walieleza kwamba sasa mwanamke anaagana na Mungu mwenyewe, na kwamba Hawa kwenye simulizi amepewa maneno zaidi ya kusema. Urais wa Kwanza, yaani uongozi mkuu wa Kanisa, ulitoa tamko fupi: mambo ya hekaluni yamekuwa yakirekebishwa mara kwa mara tangu zamani. Halikutaja neno lililotoka wala lililoingia. Nililisoma mara kadhaa, kama nilivyosoma hukumu nyingi, nikitafuta mahali panaposema kilichoamuliwa ni nini.

Ndipo nikaanza kusoma historia kwa bidii niliyopaswa kuwa nayo tangu mwanzo.

Joseph Smith, mwanzilishi wa Kanisa, alifanya endaumenti kwa mara ya kwanza tarehe 4 Mei 1842, kwenye chumba cha juu cha duka lake la matofali mekundu mjini Nauvoo, Illinois, mbele ya wanaume tisa. Majuma saba kabla ya hapo alikuwa amejiunga na Frimasoni, na baadhi ya ishara zinafanana kiasi kwamba Kanisa lenyewe siku hizi linaandika wazi juu ya uhusiano huo. Hilo halinisumbui. Ibada zote zina mahali zilipookota mbao na misumari. Kinachonisumbua ni kwamba Smith huyohuyo alifundisha kuwa ibada zilizowekwa mbinguni kabla ya dunia kuumbwa hazipaswi kugeuzwa, nasi tukalirudia fundisho hilo huku maneno yakigeuka.

Kwa miaka thelathini na mitano maneno hayo yalibebwa kichwani tu. Yaliandikwa mwaka 1877 huko St. George, Utah, kwa agizo la Brigham Young, mwaka huohuo aliofariki. Mwaka 1927 kiliondolewa kiapo cha kumwomba Mungu alipize juu ya taifa la Marekani damu ya manabii, kiapo kilichotokana na kuuawa kwa Smith gerezani Carthage mwaka 1844. Kamati ya Seneti ilikuwa imewahoji mashahidi juu ya kiapo hicho kati ya 1904 na 1906, wakati seneta Reed Smoot, mtume wa Kanisa, alipopingwa. Aprili 1990 ziliondoka ishara za mikono zilizoonyesha adhabu ya kifo kwa mtoa siri. Siku hizohizo aliondoka mhusika mmoja wa simulizi: mhubiri wa makanisa mengine, aliyeajiriwa na Shetani kwa ujira. Ningefika miaka kumi mapema, ningeketi nikamtazama baba yangu na Biblia yake akiigizwa hivyo. Na mwaka huo wa 1990 ndipo ahadi ya mwanamke kuitii sheria ya mumewe ililainishwa ikawa ya kufuata shauri, ile niliyoikuta mimi.

Watetezi husema kilichobadilika ni namna ya kuwasilisha, maagano yako palepale. Kwa mambo mengi nakubaliana nao. Filamu ililetwa mwaka 1955 katika hekalu la Uswisi ili lugha nyingi zihudumiwe kwenye chumba kimoja, na sioni dhambi hapo. Lakini kutii, kisha kusikiliza, kisha kutokuwepo kabisa: hayo si mavazi ya ahadi, ni mwili wake. Karani yeyote wa mahakama angekwambia hivyo.

Katika kusoma huko nilikutana na Jane Manning James, na tangu hapo simwachi. Alikuwa mwanamke mweusi huru wa Connecticut. Mwaka 1843 yeye na jamaa zake walikataliwa kupanda meli katika jimbo la New York, wakatembea kwa miguu mamia ya maili hadi Nauvoo. Alifika bonde la Salt Lake mwaka 1847, miongoni mwa wa kwanza. Akazeeka akiwaomba viongozi ruhusa ya kupokea endaumenti, nao wakamkatalia kwa sababu ya rangi yake. Mei 1894 wakamfanyia ibada iliyobuniwa kwa ajili yake peke yake: aliunganishwa na nyumba ya Joseph Smith kwa milele, kama mtumishi. Hakuruhusiwa hata kuingia hekaluni. Mwanamke mzungu, Bathsheba Smith, alisimama badala yake. Jane akaendelea kuomba kama awali, mpaka akafa mwaka 1908.

Zuio dhidi ya watu weusi liliondolewa Juni 1978. Mwaka uliofuata Jane akafanyiwa endaumenti kwa mwakilishi, miaka sabini na mmoja baada ya kifo chake. Nilipolisoma hilo nilifurahi, kisha nikahesabu miaka. 1979 ni kabla ya 1990. Maana yake ni kwamba kinywa kilichosema kwa niaba ya Jane kiliahidi kuitii sheria ya mume, na mikono ikaonyesha zile adhabu. Mume wake, Isaac, alikuwa amemwacha na watoto kwa miaka mingi. Nikawaona wawili hao pamoja, Jane na nyanya yangu, kila mmoja amebebeshwa maneno ambayo leo hakuna msichana anayeambiwa ayaseme.

Mei 2025 hekalu la Nairobi liliwekwa wakfu. Sina haja tena ya kuweka akiba miaka mitatu. Binti yangu aliingia kwa mara ya kwanza mwaka huohuo, nikiwa nimekaa kando yake. Hakuna shela iliyoshushwa usoni. Pale nilipotarajia kusikia neno la mume, nililisikia jina la Mungu. Nililia tena, na sitaki mtu adhani yalikuwa machozi ya hasira.

Tukiwa garini, kwenye foleni ya Waiyaki Way, nilimweleza nilichokiahidi mimi mwaka 1999. Akageuka akanitazama.

"Mama, hayo hayakuwemo."

"Yalikuwemo, mwanangu."

"Basi mbona hakuna aliyetuambia?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilitaka kusema kwamba viongozi wanaogopa tutaacha kuamini. Lakini mimi sikuacha kuamini kwa sababu ya badiliko. Badiliko lenyewe lilinipa pumzi. Kilichonikaba ni kubaki peke yangu na kumbukumbu ambayo watu wapole, wema, wananiambia niiweke kando, kana kwamba niliota. Ikiwa Mungu amesema jambo jipya, litangazwe. Ikiwa sisi ndio tulikosea, tuseme tulikosea, na tuwaambie pia wale tuliowasemea. Kwa Mmormoni wafu si methali. Wana majina, tarehe, na vijiji, na tumewaapisha.

Nina daftari la ukoo, jalada gumu, nililoanza kabla ya safari ya Johannesburg. Ukurasa wa nyanya una jina lake, la mumewe, la wanawe wawili, Wundanyi, Mwatate, Voi, na tarehe ya ibada. Chini yake, kwa mwandiko wangu wa ujana, niliandika kwamba ameagana na Mungu kupitia mumewe. Jioni ile, binti yangu akiwa jikoni, nilitafuta kalamu nyekundu. Nikapitisha mstari mmoja juu ya maneno "kupitia mumewe", mwembamba, yasomeke. Pembeni nikaandika tarehe, nikatia sahihi. Kando ya sahihi yangu nimeacha nafasi wazi, kama tulivyozoea, kwa ajili ya upande wa pili.