Kivuli Chini ya Chombo

Katika mchezo wa kompyuta wa Zaxxon, ambamo unarusha chombo cha angani ndani ya ngome za adui, kinachoua zaidi ni ukuta. Makombora yapo, mizinga ipo, ndege za adui zipo, lakini hivyo vyote mtu huvizoea baada ya muda. Ukuta hauzoeleki. Unatokea pembe ya juu kulia mwa skrini, unakujia kwa mshazari, mpana, na una upenyo mdogo tu. Unakipeleka chombo pale upenyo ulipo, unaona kabisa kwamba pua yake imeuelekea, moyo umetulia. Halafu unalipuka. Ulikuwa chini mno, au ulikuwa juu mno. Macho yalikuwa wazi muda wote na hayakuona.

Nimekuwa nikiurudia mchezo huu nyakati za jioni, bila haraka. Kampuni ya Sega ya Japani iliutoa mwaka 1982 kwenye mashine za kutia sarafu, ukiwa miongoni mwa michezo ya mwanzo kabisa kuchorwa kwa mtazamo wa isometriki, na miaka miwili baadaye ulikuwa umeshaingia kwenye kompyuta za nyumbani. Mimi nauchezea kwenye Commodore 64, au tuseme kwenye programu inayoiga Commodore 64 ndani ya kompyuta ya kisasa, maana mashine yenyewe sina. Wengi wetu hatukuwahi kuwa nayo. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilizuia kompyuta kuingizwa nchini, katazo lililokuja kulegezwa polepole. Wakati watoto wa Uingereza na Marekani wakigombea zamu mbele ya televisheni, huku kwetu watoto walikuwa wakikimbiza ringi za baiskeli. Kwa hiyo ninayoyarudia si ya utotoni mwangu. Hilo lina faida yake. Sina kumbukumbu tamu inayonilazimisha kuutetea mchezo; ukinikera nasema umenikera.

Na hunikera mara nyingi. Lakini kero yake imenifundisha kukaa kimya mbele ya kitu ambacho sikuwa nimekifikiria, yaani namna ya kutazama.

Mwaka 1822 profesa mmoja wa Cambridge, William Farish, aliandika kuhusu mtazamo wa isometriki. Alikuwa akifundisha kwa vielelezo vya mashine vilivyofunguliwa na kuungwa upya kwa kila somo, na wasaidizi wake walihitaji michoro ya kufuata: mchoro unaoweza kupimwa kwa rula, ambao ndani yake kitu cha mbali hakipungui wala cha karibu hakizidi. Katika picha ya kawaida reli mbili huenda zikikaribiana hadi zikutane kwenye upeo wa macho, na pale zinapokutana panafichua mtazamaji amesimama wapi. Katika isometriki reli hazikutani kamwe. Upeo haupo. Basi na mtazamaji hayupo mahali popote. Kila tofali linaonekana kwa kipimo kile kile, kana kwamba limetazamwa na asiye na mahali.

Nimejiuliza kama hivyo ndivyo vitu vilivyo mbele ya Mwenyezi Mungu, ambaye kwake hakuna kinachopungua kwa kuwa mbali. Wenye elimu wataniambia nisimpigie Mungu mifano, nami nitanyamaza. Lakini naona linalompata kiumbe anapoazimwa kutazama kwa namna hiyo. Anapotea.

Anapotea kwa sababu ambayo hata mtoto anaielewa akionyeshwa. Skrini ni bapa, ina kulia na kushoto, juu na chini, basi. Ulimwengu wa mchezo una pande tatu. Doa moja kwenye skrini laweza kuwa la chombo kilicho juu na kiko karibu, au la chombo kilicho chini na kiko mbali zaidi. Doa ni lile lile, rangi ni ile ile. Mwenye kutazama hapewi alama yoyote ya kutenganisha mambo hayo mawili. Ajabu ni kwamba jicho haliungami kuwa halijui. Linachagua jibu moja papo hapo na kulishikilia kwa uhakika kamili, na uhakika huo hauna uhusiano wowote na ukweli. Nimekufa mara nyingi nikiwa na uhakika wa namna hiyo, na nadhani hata nje ya mchezo nimeutumia zaidi ya nilivyostahili.

Waliotengeneza mchezo walilijua tatizo hili, ndiyo maana hawakutuacha hivi hivi. Kushoto mwa skrini kuna kipimo cha mwinuko, mstari unaopanda na kushuka. Ni cha kweli, ila ukikitazama hutazami ukuta, na ukuta haungoji. Kuna risasi pia. Wachezaji wazoefu hufyatua bila kukoma wanapoukaribia ukuta: risasi inagonga na kupasuka palepale, unapanda kidogo, inapasuka, unapanda tena, mara moja inapita na kupotelea upande wa pili. Umepata kimo. Nilipoanza nilidhani kufyatua ni kwa ajili ya kuharibu. Ukutani pale risasi haiharibu kitu. Ni swali linalotangulia mbele yako, na unasikiliza linarudi na nini.

Halafu kuna kivuli.

Kiko sakafuni, doa jeusi linalokwenda pamoja na chombo popote kiendako. Nafasi iliyo kati ya chombo na kivuli chake ndiyo kimo chako. Kivuli hakina hila. Chombo chaweza kukudanganya kuhusu kilipo, kivuli hakiwezi, kwa sababu kimeshikamana na sakafu na sakafu ni moja tu. Ilinichukua muda kuhamisha macho, maana macho yote yanataka kukitazama chombo, kizuri, chenye mabawa, kinachofyatua. Siku nilipoanza kukitazama kivuli na kukiacha chombo kifuate chenyewe, nilivuka kuta za ngome ya kwanza zote.

Kusoma vivuli ni jambo la zamani katika pwani yetu. Kabla ya ratiba za kubandika msikitini na saa za mkononi, wakati wa alasiri ulipatikana kwa kijiti. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani, unasimamisha kijiti wima kwenye ardhi tambarare. Jua likifika kileleni unatia alama mahali kivuli kilipoishia kikiwa kifupi kabisa. Kisha unangoja. Kivuli kinageukia upande wa mashariki na kuanza kurefuka, na kikishaongeza juu ya ile alama urefu sawa na kijiti chenyewe, alasiri imeingia. Anayepima halitazami jua. Akilitazama litampofua, na hata asipopofuka halitamwambia kitu. Mambo ya juu anayapata kwa kuinama na kutazama mchanga.

Mjini Tanga, kwenye pwani hiyo, karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Siku hizo adhuhuri kijiti hakina kivuli cha pembeni, kimekisimamia. Ngome ya Zaxxon iko katika adhuhuri hiyo daima. Kivuli cha chombo huanguka wima chini yake, hakiinamii kulia wala kushoto, mchezo mzima. Sidhani waliouchora huko Japani walikuwa na Tanga kichwani, pengine ilikuwa njia nyepesi ya kupiga hesabu tu. Mimi hata hivyo nikiingia mle ngomeni nahisi lile jua la Machi kwenye utosi.

Qurani, katika sura ya Ar-Raad, inavitaja vivuli miongoni mwa vinavyomsujudia Mungu asubuhi na jioni. Nilikuwa nikiisoma aya hiyo bila kuona chochote. Sasa namwona mtu amesimama kifua mbele, ana cheo chake na sauti yake, na kivuli chake kimelala kifudifudi miguuni pake siku nzima, kikifanya ibada ambayo mwenyewe ameiahirisha.

Inafaa kusema pia kile kivuli cha mchezoni kiligharimu nini. Commodore 64 ilitoka mwaka 1982, kumbukumbu yake kilobaiti 64, prosesa yake ikipiga mapigo kama milioni moja kwa sekunde, kasi ambayo leo ni ya kuchekesha. Kwenda kwa mshazari ni mzigo kwake. Chipu yake ya picha, VIC-II, huweza kuiteleza skrini pikseli 7 peke yake. Ikitakiwa kwenda ya 8, programu lazima ihamishe herufi zote 1,000 za skrini, safu 40 kwa mistari 25, na ihamishe rangi zake pia, ambazo zimefungwa mahali pamoja kwenye kumbukumbu. Vitu vyepesi vya kuruka angani, spraiti, chipu inabeba 8 tu kwa wakati mmoja, labda programu ifanye ujanja. Kompyuta nyingine ya enzi hizo, ZX Spectrum ya Clive Sinclair, haikuwa hata na hizo spraiti: picha nzima ni baiti 6,912, na kila inaposogea ni prosesa yenyewe inayofuta na kuchora upya. Ndani ya ufukara huo mtu aliketi akaamua kwamba sehemu ya nguvu iende kwenye doa jeusi lisilofyatua, lisilopigika na lisiloongeza pointi. Naheshimu uamuzi huo kuliko milipuko yote.

Mafuta ya chombo nayo yana mafunzo yake. Yanapungua muda wote, hata usipofanya kitu. Ili kuyaongeza unatakiwa kuyapiga risasi matangi ya mafuta yaliyopangwa sakafuni (kwa nini tangi likilipuka mafuta yanaingia kwako, usiulize, ni mambo ya mwaka 1982). Kuyapiga unahitaji kushuka, na chini ndiko kuliko na mizinga, na ndiko makombora yanakochomokea kwenye mashimo yake. Mchezaji mgeni hujificha juu. Anapita salama kabisa, juu ya kila kitu, mpaka chombo kinaishiwa. Nawafahamu wacha Mungu wa namna hiyo, wanaoruka juu ya shida za majirani kwa usafi mkubwa. Sitawataja zaidi, nisije nikajikuta miongoni mwao.

Kuna jambo linaloleta ubishi miongoni mwa wanaorudia michezo hii. Programu za kuiga mashine hukuruhusu kuhifadhi hali ilivyo sekunde yoyote unayotaka: unahifadhi kabla ya ukuta, unakufa, unarudishwa pale pale, unajaribu tena hadi upite. Pia hukuruhusu kuharakisha upakiaji, wakati zamani mchezo wa kaseti kwenye Spectrum ya kilobaiti 48 ungeweza kuchukua dakika kama 5 kupakiwa, ukisikiliza mlio wake wa kukwaruza. Binafsi sioni dhambi katika kuharakisha, ingawa nimezoea kungoja. Dakika zile za kungoja huwa naziachia ziwe tupu, simu nikiwa nimeiweka chumba kingine. Lakini kuhifadhi kabla ya ukuta nakukataa. Mwenye kuhifadhi anapita bila kujua kimo chake. Amepapasa tu mpaka mlango ukafunguka, na ukuta unaofuata utamkuta mjinga vile vile. Ugumu wa mchezo huu hauko kwenye vidole. Uko kwenye kukubali kwamba huoni, kisha kutafuta habari zako kwa njia nyingine, na hilo halipatikani kwa mtu ambaye kosa lake limefutwa kabla halijamuuma.

Ngome ya kwanza ikiisha, unatokea kwenye anga tupu. Sehemu hii watu wengi huiona kama mapumziko, na waandishi wa michezo huipita kwa sentensi moja. Kwangu ndiyo nzito. Nyota tu, na ndege za adui zikija kwa makundi. Sakafu imeondoka, na kwa kuwa kivuli kinahitaji mahali pa kuangukia, nacho kimeondoka. Kipimo cha pembeni kipo, lakini kinapima kutoka wapi? Katika mashine ya awali ya sarafu walikuwekea msaada mmoja: ukifikia kimo sawa na cha ndege ya adui, alama ya shabaha inatokea mbele yako. Yaani huko nje kimo chako unakijua kwa adui peke yake. Asipokuwepo wa kukuua, hujui uko wapi.

Kuna miezi ya ibada iliyo hivyo. Swala zinaswaliwa, maneno yanasemwa, na hakuna sakafu chini ya kitu chochote. Kinachokujulisha kwamba bado uko mahali fulani ni majaribu tu yanapokuja usawa wako. Nilizoea kuichukia miezi hiyo na kuihesabu kuwa ni adhabu. Siku hizi nikifika pale kwenye nyota napunguza kufyatua. Nakiacha kijiti cha kuchezea katikati na kutazama ndege zinavyopanda na kushuka, baadhi zikinipita juu kabisa, nyingine chini kabisa, nami siwezi kusema kwa hakika ni zipi. Mara nyingi nauawa hapo, kwa uzembe huo wa makusudi. Mbele kuna ngome ya pili yenye vizuizi vya umeme juu ya kuta, na mwishoni kuna roboti mwenye kombora lake, na ukimshinda huyo roboti unarudishwa ngome ya kwanza kuanza upya kwa ugumu zaidi. Sina haraka naye.