Fumbo la Nani?

Barabara inayotoka Bujumbura kwenda Rumonge huambaa na Ziwa Tanganyika, maji mkono wa kulia, milima mkono wa kushoto. Kilomita chache baada ya kuuacha mji, mahali paitwapo Mugere, lipo jiwe kubwa lililochongwa majina mawili na tarehe: Livingstone, Stanley, 25-XI-1871. Mgeni hulitazama, hupiga picha, na huondoka akiwa na uhakika kwamba hapa ndipo wasafiri hao wawili wa Kizungu walipokutana na kusalimiana kwa ile salamu iliyozunguka dunia. Wapo wanaomthibitishia hivyo. Jiwe lenyewe halikudanganya, ila jibu si hilo. Mkutano ulikuwa Ujiji, Tanzania ya leo, na kufikia tarehe hiyo ulikuwa umekwisha kupita. Mugere walifika kwa mtumbwi, wakalala siku mbili kwa chifu Mukamba, kisha wakashika njia ya kaskazini.

Dalili ni ya kweli na jibu ni la makosa. Hali hiyo wanaijua sana wapenzi wa mchezo mmoja ulioenea katika miji ya Ulaya na Marekani. Watu wanne watano, simu moja mkononi, huingia mtaa wasioujua vizuri na kuambiwa kuwa kuna mtu kauawa, au tajiri fulani kaficha wosia wake kabla ya kufa. Kisa ni cha kubuni, mtaa ni wa kweli. Mchezaji huhesabu madirisha ya ghorofa ya pili, husoma mwaka uliochongwa juu ya mlango wa posta, hutafuta jina la mfua chuma kwenye geti la shule, huunganisha tarakimu na kuziandika kwenye simu, nayo simu humtuma kona nyingine. Baada ya saa mbili muuaji amejulikana na watu wanatafuta pa kula.

Mchezo una babu zake. Kwenye nyika za Dartmoor, Uingereza, mwaka 1854, mtembeza wageni James Perrott aliacha chupa mahali pagumu kufikika, palipoitwa Cranmere Pool, ili kila atakayefika aache kadi yake. Tarehe 3 Mei 2000, siku moja tu baada ya Marekani kuacha kupotosha kwa makusudi vipimo vya GPS kwa raia, Dave Ulmer alificha ndoo porini Oregon na kuwatangazia watu mahali ilipo kwa namba za setilaiti. Tangu hapo vifuko na vikopo vimefichwa kila bara.

Afrika Mashariki haikungoja setilaiti. Mswahili akisema kitendawili, wenzake humjibu tega. Mrundi akisema sokwe, hujibiwa niruze. Waliotegewa wakishindwa, kwa Waswahili, mtegaji hudai apewe mji. Watoto wamekwisha kugawa Mombasa, Kigoma na Unguja nzima kwa sababu ya kuku na yai, na hakuna aliyewahi kuidai hati. Sharti la mchezo ni moja: mtegaji awe na jibu. Anayetega asichokijua si mtegaji, ni mtu anayeuliza tu kama wengine. Na mtegewa huvumilia kuchekwa kwa sababu anajua kwamba kabla ya kulala ataambiwa.

Swali la dini na falsafa liko hapo hapo. Je, dunia nayo ni kitendawili kilichotegwa? Mwenye imani husema ndiyo, yuko aliyetega. Qurani huziita mbingu, mvua na tofauti za lugha za watu kuwa ishara, na kitabu cha Mithali, sura ya 25, huona fahari ya Mungu katika kuficha na fahari ya wafalme katika kuchunguza. Asiyeamini husema kwamba mambo yapo tu, na dalili tunazibandika wenyewe. Ubishi huo ni wa zamani na hautaisha leo. Lakini lipo swali dogo lililo chini yake ambalo pande zote mbili hulipita haraka: hata kama fumbo limetegwa, limetegewa nani?

Ziwa hili lina kumbukumbu ndefu ya watu waliodhani limetegewa wao. Mwaka 1858 wasafiri Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ujiji wakiwa wagonjwa, Burton hawezi kutembea, Speke macho yamemzima. Swali lililowasumbua lilikuwa mto Rusizi, ncha ya kaskazini: je, unaingia ziwani au unatoka? Ukitoka, basi Tanganyika huenda ndilo chanzo cha Nili, na London inangoja. Hamid bin Sulayyam, mfanyabiashara Mwarabu katika kisiwa cha Kasenge, alimwambia Speke kuwa mto mkubwa unatoka, au ndivyo Speke alivyosikia. Mkalimani Sidi Mubarak Bombay alikuja kusema kwamba mzee alikusudia kinyume chake. Aprili mwaka huo walifika Uvira, na wana wa chifu wa hapo wakawaambia waziwazi: unaingia. Burton alivunjika moyo. Wapiga makasia walikataa kwenda mbele, na jambo likabaki linaning'inia kwa miaka 13, hadi Livingstone na Stanley walipopita Mugere, wakafika kinywani mwa mto na kuyaona maji yakiingia ziwani.

Kwa mvuvi wa Uvira hapakuwa na fumbo lolote. Alijua maji yanaelekea wapi kwa sababu ndiyo yaliyoupeleka mtumbwi wake. Si haki kusema wasafiri wale walipoteza muda bure, kwani kujionea ni jambo la maana na habari za kusikia hugeuka njiani, kama maneno ya Hamid yalivyogeuka. Hata hivyo kuna kitu cha kuchekesha, na kidogo cha kuchosha, katika swali linalovuka bahari kwenda kuwauliza watu walilolijibu tangu utotoni, kisha likarudi kwao na majina ya wageni yamechongwa jiweni. Na Nili? Chanzo chake cha kusini kabisa kipo kweli Burundi, lakini si ziwani. Kipo Kasumo, karibu na Rutovu, kwenye milima ya Bururi inayoonekana nyuma ya Rumonge, ambako Mjerumani Burkhart Waldecker alijenga piramidi ndogo mwaka 1938. Wote waliokodoa macho kwenye maji makubwa walikuwa wameipa mgongo chemchemi.

Fumbo la pili la ziwa ni zito zaidi, maana linauvunja mchezo wenyewe. Kama Rusizi unaingia, maji yanatoka ziwani kupitia wapi? Mei 1874 msafiri Verney Lovett Cameron aliufikia mto Lukuga, ng'ambo ya Kongo, akasema hapa ndipo yanapotoka. Mwaka 1876 Stanley alilizunguka ziwa lote, akafika Lukuga, akakuta mchanga na matete, na akakanusha kuwa ziwa linatoka hapo kwa wakati huo. Mwaka 1879 mmisionari Edward Hore alikuta mkondo wenye nguvu unaokimbilia magharibi. Nani mwongo? Hakuna. Ziwa lilikuwa likipanda miaka hiyo, na mwishoni likalisukuma gugu na tope lililoziba njia, likajifungulia. Jibu liligeuka kati ya mchezaji mmoja na mwenziwe. Kwenye mchezo wa mtaani jambo hilo haliwezekani. Mtengenezaji akiona geti limepakwa rangi upya na jina limefutika, hurekebisha swali usiku huohuo.

Lukuga huo umerudi vinywani mwa watu wa Rumonge. Mwaka 2024, baada ya mvua kubwa, maji ya Tanganyika yalipita mita 777 juu ya usawa wa bahari. Yaliingia Gatumba, yaliingia Kibenga mjini Bujumbura, na Rumonge yakapanda hadi bandarini na kwenye nyumba za mitaa ya ufukweni. Rumonge ni mji wa mawese na mukeke, wa misikiti na makanisa, wenye mtaa unaoitwa Swahili na watu wanaobadili lugha katikati ya sentensi. Kwenye mji wa namna hiyo maji yakiingia sebuleni, maelezo hayakosekani. Wataalamu hutaja mvua, tope la milimani na kuziba kwa Lukuga, na huwakumbusha watu kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1960 ziwa lilipanda vilevile. Na popote penye gharika, iwe Burundi, Kenya au Pakistan, hutokea wa kusema: hii ni ishara, Mungu anatuambia jambo.

Mwenye kusema hivyo asidharauliwe. Anafanya kile dini yake inachomfundisha, yaani kutoichukulia dunia kuwa bubu. Tatizo ni mahali anaposimama anapoisoma ishara. Mchezaji wa mtaani, akishazoea, huona dalili kila mahali: alama ya chaki ukutani, viatu viwili juu ya waya wa umeme, mzee aliyekaa kibarazani. Mzee huyo hayumo mchezoni, anaota jua. Lakini kwa mchezaji kila kitu kimewekwa kwa ajili yake. Hiyo ndiyo raha ya mchezo, na ndiyo hatari ya kuutoa nje ya mchezo. Marafiki wa Ayubu waliyasoma majipu yake kama wapelelezi, wakapata jibu, kwamba kakosa, na mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu na kuuliza kama walikuwa wakosefu kuliko wenzao. Anajibu mwenyewe kwamba hapana, kisha anawageukia wasikilizaji na kuwaambia watubu. Wao walitaka kufumbua maisha ya marehemu. Yeye akawarudisha kwenye ya kwao.

Kisa kinachofika ndani zaidi kinasomwa misikitini kila Ijumaa, Rumonge kama kwingineko, kwa kuwa kimo katika sura ya al-Kahf. Ukikisoma kwa jicho la mchezaji, kina kila kitu. Nabii Musa anasafiri na kijana wake kutafuta makutano ya bahari mbili. Dalili ya mahali ni samaki: atakapopotea ndipo hapo. Samaki anaponyoka majini, kijana anasahau kusema, wanapita mbele, kisha wanarudi wakifuata nyayo zao wenyewe. Wanamkuta mja ambaye mapokeo humwita Khidhri, naye anamkubali Musa kwa sharti asiulize mpaka aambiwe. Linafuata tendo baada ya tendo: chombo cha maskini kinatobolewa, kijana mwingine anauawa, ukuta unaotaka kuanguka unasimamishwa katika mji uliowanyima chakula. Musa anashindwa kunyamaza mara zote tatu.

Kawaida kisa hiki hufundishwa kama somo la subira, na subira imo. Lakini yaangalie majibu yenyewe yanapotolewa. Chombo kilitobolewa kwa sababu mbele yao alikuwapo mfalme anayepora kila chombo kizima. Tundu lile liliwaokolea wenyewe riziki yao. Ukuta ulijengwa kwa sababu chini yake kuna hazina ya mayatima wawili, na baba yao alikuwa mtu mwema. Hakuna hata tendo moja lililofanywa kwa ajili ya Musa. Alikuwa akiangalia mambo ya watu wengine. Funguo za mafumbo yake zilikuwa kwa maskini wa baharini, kwa wazazi, kwa watoto wa mji ule. Na ajabu ya hazina: mwenye hekima alipojua ilipo, aliifunika zaidi, ili isionekane mpaka wenyewe wakue. Mwindaji wa hazina angejiona mjinga kufanya hivyo.

Tendo la kati, kuuawa kwa kijana, ni gumu, na mwandishi mwaminifu asilipitie kwa tabasamu. Wanazuoni wanasema Khidhri alitenda kwa amri aliyofunuliwa na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kumwiga. Musa alipopinga, aliitetea sheria aliyopewa, na sheria hiyo ndiyo iliyobaki kwetu. Yaani hata kisa kinachoahidi kwamba jibu lipo hakimpi msomaji ruhusa ya kuishi kama mtu anayelijua.

Ukishika hilo, swali la maji ya Rumonge hubadilika umbo. Anayeuliza ziwa linamwambia nini yeye, atapata jibu kwa urahisi mno, kwa kawaida lile alilokuwa nalo tayari. Anayefuata njia ya kisa atauliza kwanza chombo ni cha nani na ukuta ni wa nani. Hapo mambo huwa ya kawaida, na yenye kuumiza. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inakataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka ufukwe wa Tanganyika. Nani aliyejenga humo kwa kutojua, nani aliuziwa kiwanja na mtu anayejua, na nani hakuwa na pengine pa kwenda? Mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita mbele anarudishiwa na nani? Mwenye mtumbwi anauegesha wapi sasa?

Lukuga nao una wenyewe. Mkataba wa ziwa ulitiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003 na Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, na mamlaka ya ziwa iliyozaliwa nao ina makao Bujumbura. Mlango wa maji upo upande wa Kongo, na tope linaloingia ziwani linatoka kwenye milima ya nchi zote nne. Mkondo ukizibuliwa sana, bandari za kusini zitalalamika kwamba ziwa limezikimbia. Ukiachwa, Rumonge italowa tena mvua zikizidi. Cameron na Stanley walibishana juu ya mto huo, na mtu mwenye nyumba ufukweni hakuwa hoja yao. Vikao vya leo angalau vina anwani yake.