Kufuta na Amana

Kompyuta yangu ya nyumbani ina diski ya gigabaiti 256, na kwa muda wa mwezi mzima mstari unaoonyesha nafasi iliyobaki ulikuwa mwekundu. Kila aliyewahi kuwa na kompyuta anaijua hali hiyo: mashine huwa nzito, programu hukataa kujisasisha, na mwenyewe huahirisha kazi ya kusafisha kama aahirishavyo kwenda kwa daktari wa meno. Nilipoianza hatimaye, sehemu ya kwanza ilikuwa nyepesi. Mafaili ya muda, mabaki ya programu nilizoacha kuzitumia, filamu niliyokwisha kuitazama, picha moja ya harusi iliyohifadhiwa mara nne kwa kuwa ilitumwa katika makundi manne ya WhatsApp. Vyote hivyo havina mwenye kuvililia. Baada ya hapo nikakwama, wala sikukwama kwa sababu ya ufundi.

Nilikwama mbele ya kabrasha nililolipa jina «Nyumbani». Wenzangu wa ughaibuni watalitambua hata bila ya kulifungua, kwani kompyuta ya mtu aliyehamia Ulaya au Ghuba aghalabu huwa ndiyo ofisi ya ukoo. Mlikuwamo pasipoti za binamu watatu, zilizotumwa wakati wa kuomba viza. Ripoti ya hospitali ya mjomba, yenye jina la ugonjwa ambao hata mkewe hakuambiwa. Stakabadhi za ada za shule. Hati ya nyumba iliyopigwa picha juu ya mkeka, na pembeni mguu wa mtoto unaonekana. Picha ya maiti aliyekwisha kukafiniwa, niliyotumiwa mimi niliyeukosa msiba ili nipate kuaga. Hakuna nilichokitafuta kati ya hivyo. Niliaminiwa tu.

Shauri tunalopewa siku zote kuhusu usafi wa aina hii ni kwamba mtu ajiulize: je, ninakihitaji? Swali hilo naliona pungufu, maana linamfanya mwenye diski kuwa kipimo cha kila kilichomo. Aliyewekewa fedha za mtu haulizi kama yeye anazihitaji. Amana hupimwa kwa kusudi la aliyeiweka, na kusudi likiisha hurudishwa. Lakini faili hurudishwaje? Nikimtumia binamu pasipoti yake sijamrudishia kitu. Nimezidisha nakala, ilhali yangu imebaki palepale. Basi kwa vitu vya namna hiyo, kufuta ndiko kurudisha. Nilikuwa nikijihesabu mwaminifu kwa kuhifadhi, kumbe kwa miaka saba nimeuweka ugonjwa wa mjomba ndani ya mashine ambayo wanangu huichezea michezo.

Nakiri kwamba hoja hiyo ilinifaa mno, na hoja inayomfaa mtu kiasi hicho yapasa aitilie shaka. Iliniruhusu kufuta karibu kila kitu. Haikuwa na jibu kwa kile ambacho nakala yake ni moja tu duniani. Wasomaji wa fasihi yetu hawahitaji kukumbushwa uzito wa jambo hili. Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili tenzi kwa mkono wake kwa ajili ya wataalamu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, na hati alizoziandika zimo London na Ujerumani hadi leo. Karatasi hazidumu katika unyevu na mchwa wa pwani. Kilichonakiliwa kilipata njia ya kutufikia. Kisichonakiliwa hatuna hata jina lake la kukililia. Mwenye nakala ya pekee, apende asipende, amekuwa mlinzi.

Nami nilikuwa mlinzi wa sauti ya shangazi yangu. Shangazi alisoma chuoni Unguja, na herufi za Kirumi zilimchosha. Kwa hiyo hakuniandikia kamwe, alizungumza. Katika diski yangu mlikuwamo rekodi zake 61. Nyingi ni salamu, bei ya samaki, na kuniuliza nitarudi lini. Alipofariki, simu yake ilisafishwa akapewa mjukuu, jambo la kawaida kabisa ambalo hakuna wa kulaumiwa kwalo. Mwaka huu mwanawe aliniomba rekodi zote. «Nitumie zote, hata zile za kukohoa,» alisema.

Ningezituma jioni ileile, lau si moja. Katika hiyo, yenye urefu wa dakika nne, shangazi anaeleza uchungu aliokuwa nao juu ya mwanawe huyohuyo, kisha anamaliza: «Haya na yaishie kwako, mwanangu.» Halikuwa jambo la haki ya mtu kuliwa, lingekuwa hivyo, siri isingenifunga. Ni uchungu wa mama tu, na pengine ulikwisha poa kabla hajafa. Hilo sina pa kuliulizia.

Wapo watakaosema kwamba aliyekufa hadhuriki tena, na kwamba aliye hai, mwenye huzuni na hamu ya sauti ya mamake, ndiye wa kutazamwa. Sikubaliani nao. Ahadi yangu sikumpa maiti, nilimpa mtu hai, naye peke yake ndiye aliyekuwa na uwezo wa kunifungua. Kifo hakikuiondoa ahadi. Kilimwondoa mwenye ufunguo. Wapo pia watakaosema kwamba binamu ni mrithi. Ni kweli, lakini mrithi hurithi alichokiacha marehemu, na maneno yale shangazi hakuyaacha, alikuwa amekwisha kuyatoa, tena kwa sharti.

Lililonisumbua zaidi ni kwamba kunyamaza hakukutosha. Ningeweza kutuma rekodi 60 na kuiacha ile mahali pake. Ila mimi nitakufa, na watu watalifungua kabrasha. Neno nililoambiwa ni kuishia, na faili haliishii kwa mtu, humngojea anayefuata. Wala kulifuta si kuliondoa mara moja. Katika diski za kuzunguka kama hii yangu, kompyuta ikiamriwa kufuta haiyagusi maandishi yenyewe. Huondoa tu kumbukumbu ya kwamba mahali pale pana mwenyewe. Faili huendelea kulala humo, na mwenye programu ifaayo anaweza kulifufua, mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Diski mpya zisizozunguka zina utaratibu mwingine.

Ubao wa chuoni haukuwa hivyo. Mtoto aliandika aya, akaihifadhi moyoni, mwalimu akamsikiliza, ndipo ubao ukaoshwa. Kuosha kulikuja baada ya maneno kupata makao, na hakuna aliyeona kwamba aya imepotea. Nadhani shangazi, aliyeosha ubao wake mara nyingi utotoni, aliposema yaishie kwako alikuwa na maana hiyo: niyachukue, nisiyaweke.

Niliisikiliza rekodi ile mara tatu usiku, mlango umefungwa, kisha nikaifuta, nikaitoa na katika pipa la taka. Halafu nikanakili video za harusi kutoka diski ya nje mpaka nafasi yote ikajaa, ili pasibaki mahali ambapo ingelala, nikazifuta nazo. Kazi hiyo ilichukua saa kadhaa kwa ajili ya faili lisilofika hata megabaiti moja.

Asubuhi nilimtumia binamu zile 60, na za kukohoa zimo. Aliniuliza kama hizo ndizo zote. Nilimjibu kwamba hizo ndizo zake, naye hajaniuliza tena.