Mlango wa Jani

Andiko: Marko 6:30–46

Wiki mbili zilizopita niliwaomba kila mmoja aje ibadani na jani moja mkononi, wengine mkadhani natania. Jumapili ikafika, mkaja na sukuma wiki, mwembe, maharagwe. Mzee mmoja alikuja na tawi zima la mparachichi, na kuna mtoto wa shule ya Jumapili aliyeburuta jani la mgomba kubwa kumliko. Tulicheka sana. Kama hukuwepo, haya ndiyo tuliyosema. Na kama ulikuwepo, kuna jambo sikulimaliza pale madhabahuni kwa sababu sauti ilinikwama. Nalimalizia hapa.

Hebu geuza jani, utazame upande wa chini. Kwa macho huoni kitu, lakini pana vitundu vidogo sana, mamia yake penye nafasi ya kichwa cha pini. Watoto wetu wa sekondari wanaviita stomata. Kila kitundu kina seli mbili zinazokizunguka kama midomo miwili. Zikijaa maji, zinavimba na kupinda, mdomo unafunguka. Zikipungukiwa, zinalegea, mdomo unafungika. Sehemu nyingine ya jani imepakwa nta. Ndiyo maana ukimwagia sukuma maji yanaviringika kama shanga, yanaanguka. Kwa hiyo maji yanayotoka kwenye jani, karibu yote yanapitia kwa hiyo milango midogo.

Sasa mimi nilisomea biashara, si kilimo, na nilipoielewa hesabu ya jani nilishtuka. Jani linahitaji kaboni dioksidi kutoka hewani ili lipike chakula cha mmea. Hewa hiyo inaingilia mlango uleule maji yanakotokea. Hakuna mlango wa nyuma. Kwa kila chembe moja ya kaboni dioksidi ambayo mharagwe unaingiza na kutumia, unapoteza chembe mamia za maji. Na katika yale maji yote ambayo mizizi imehangaika kuyanyonya, zaidi ya asilimia 90 yanapaa hewani. Peleka hesabu kama hiyo benki uone kama utapewa mkopo! Lakini si hasara tupu. Maji yakipaa yanalipoza jani juani, na kule kupaa ndiko kunakovuta maji mengine kutoka chini pamoja na madini ya udongo. Ni gharama ya kuendesha kazi, haikwepeki.

Jani ambalo halifungi kamwe litakauka. Hilo tunalihubiri sana siku hizi, pumzika, jilinde, weka mipaka. Lakini jani ambalo halifungui kamwe nalo linakufa, tena kwa njaa, likiwa na maji yake yote ndani. Hilo silisikii likihubiriwa, na mimi mwenyewe sikulihubiri mpaka liliponipata.

Mama yangu analima Makueni. Desemba nilienda kumwona, mvua ya vuli ilikuwa imekata na mahindi yalikuwa yakaribia kutoa mbelewele. Nilifika saa saba mchana. Majani yalikuwa yamejikunja kama mikeka, shamba zima, nikaanza kusema, "Mama, haya yamekwisha, tutafute pesa ya kununua unga." Akaniambia, "Mahindi hayapimwi saa saba. Nenda uyaangalie alfajiri."

Nilikuja kusoma baadaye nikakuta mama yuko sawa. Upande wa juu wa jani la mhindi kuna seli kubwa ambazo zikipoteza maji jani linajikunja, na jani lililokunjwa halipokei jua wala upepo mwingi. Mmea unajikinga tu. Usiku mizizi inalipa deni, na asubuhi jani linakuwa limenyooka. Lakini ukilikuta limejikunja alfajiri, kabla jua halijachoma, hapo ujue udongo umeishiwa na mmea una shida ya kweli.

Basi niliamka saa kumi na mbili nikaenda. Majani yalikuwa yamenyooka, yana umande. Nilirudi nikimsifu Mungu kwa sauti. Mama alikuwa anachochea moto, akaniangalia hivi, akaniuliza, "Na wewe, mwanangu? Asubuhi ukiamka, huwa umenyooka?"

Sikuwa na jibu. Manake kwa karibu mwaka mzima nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Duka la vifaa vya ujenzi ambalo mimi na mke wangu tunaendesha, mazishi, kesha za Ijumaa, simu za saa nane usiku. Nilikuwa nimeacha kusoma Neno isipokuwa la kuhubiri. Nilikuwa nampigia mtoto wangu kelele kwa sababu ya kalamu iliyopotea. Ninyi mlikuwa mkisema, "Pasta ana moto," na kumbe moto wenyewe ulikuwa unachoma nyumba.

Hapo ndipo nilipokosea, na hili ndilo sikulimaliza madhabahuni.

Nilirudi mjini Januari nikafunga kila kitu. Simu nikaizima kuanzia saa moja jioni. Ziara za nyumbani nikawapa wengine bila kuwauliza kama wanaweza. Nikajiita mwenye hekima. Na ukweli usemwe, nililala vizuri, mke wangu alifurahi, nikapata tena hamu ya kuomba. Wiki ya kwanza na ya pili zilikuwa dawa. Lakini sikufungua tena. Wiki ya sita bado nilikuwa nimefunga, na mwili ulikuwa umepona kitambo. Nilikuwa nimezoea tu ule utulivu.

Katika wiki hizo kijana mmoja wetu, mwendesha bodaboda, alinipigia mara nne. Wengi mnamjua, alikuwa akipanga viti kabla ya ibada. Pikipiki yake ilikuwa ya mkopo, alikuwa amebakisha malipo kidogo, na mtoto wake akalazwa. Hakuwa anataka pesa yangu. Alitaka mtu wa kwenda naye kuwaomba waliomkopesha wampe mwezi mmoja. Mimi hiyo ndiyo kazi niliyosomea! Kuketi na mkopeshaji, kupanga upya deni, nusu saa ingetosha. Niliziona zile simu, nikasema nitampigia wikendi. Nilipompigia, pikipiki ilikuwa imechukuliwa, amefunga chumba, amerudi kwao na familia. Mtoto alipona, Mungu ni mwema. Lakini aliniambia kwa upole kabisa, "Si neno, Pasta. Tuliambiwa unapumzika." Huo upole wake ndio ulionikwama kooni Jumapili.

Turudi kwa Marko 6. Wanafunzi wametoka misheni, watu wanaingia na kutoka, hata nafasi ya kula hawana. Yesu anawaita kando, mahali pasipo watu, wapumzike kidogo. Tunapenda kusimamia hapo. Lakini soma mbele. Wanaposhuka mashuani umati umeshafika, umekimbia kwa miguu. Bwana aliyekuja kupumzika anawaangalia, anawahurumia kwa kuwa hawana mchungaji, anafundisha mpaka jioni, analisha wanaume elfu tano. Halafu? Anawatanguliza wanafunzi kwa mashua, anawaaga watu, anapanda mlimani peke yake kuomba. Katika sura moja tu amefunga, amefungua, amefunga tena. Hakuna saa ya ukutani iliyomwongoza. Aliangalia hali iliyo mbele yake na akamsikiliza Baba.

Jani nalo hufanya hivyo. Udongo ukianza kukauka, mmea hutengeneza homoni inayoziambia zile seli zifunge, mara nyingi kabla hata jani halijalegea. Mvua ikirudi, zinafungua. Kuna mimea yenye ratiba tofauti kabisa. Nanasi za Thika na mkonge wa Taita Taveta hufungua usiku kukiwa na ubaridi, huweka akiba ya kaboni, kisha mchana hufunga na kupika kwa ile akiba. Kwa hiyo wewe mlinzi wa usiku na wewe muuguzi wa zamu, mtu asikuhukumu kwa kukosa maombi ya alfajiri. Fungua saa yako.

Nimekaa na Mchungaji kiongozi na wazee, tumekubaliana hivi. Jumatatu simu yangu haitakuwa hewani, nitakuwa na familia na Bwana. Usiku, kuanzia saa tatu, simu ya zamu itashikwa na mmoja wetu kwa zamu, na ratiba imebandikwa karibu na ofisi. Atakayepokea ataamua kama jambo ni la kuniamsha. Kama ni la kuniamsha, niamsheni. Jumatano jioni, kabla ya ibada ya katikati ya wiki, nitakuwa ofisini kwa mtu yeyote mwenye shida ya mkopo au biashara. Njoo na karatasi zako zote, hata zile unazoona aibu.

Kuhusu yule ndugu yetu, nimeongea na waliomkopesha. Bado hatujafika mwisho, tuombeane. Alhamisi alinitumia ujumbe kwamba mvua imenyesha kwao na wamepanda maharagwe. Nimemuuliza kama naweza kumtembelea. Amesema nije Jumanne, nije mapema, kabla jua halijapanda.